Shajara ya chumba cha kompyuta, Katuba: kutoka "rezo haiko" hadi tundu la 4

Siku ya 1

Leo tumepewa ufunguo. Chumba ni kile cha nyuma ya ua, hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, ambacho zamani kiliwekwa magunia ya makala, yaani makaa. Kuta tumezipaka chokaa mara mbili, na bado ukipitisha kidole kinarudi cheusi. Tuna kompyuta nane za mezani zilizokwisha kutumika, swichi moja ya matundu 16, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa kebo, ruta moja inayoleta intaneti kwa laini ya simu ya 4G, na vijana kumi na wanne walioandika majina yao kwenye daftari.

Nimejiwekea malengo mawili. La kwanza, kabla mvua hazijakolea, kompyuta zote ziwe zinasemezana. La pili, kila kijana aweze kutaja kila kifaa kwa jina lake na kueleza kazi yake. Mzazi mmoja aliyekuja kutazama aliliona hilo la pili kuwa dogo. Kwangu mimi ndilo mradi wenyewe.

Kwa miaka sita nimekuwa nikitengeneza kompyuta za majirani, na simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote ina maneno mawili: "Rezo haiko," yaani mtandao haupo. Nafunga safari mpaka mtaa wa Ruashi, nafika, nakuta kebo imechomoka. Siku nyingine mega zimeisha kwenye laini. Siku nyingine mtu amebadilisha neno la siri la waifai bila kuwaambia wenzake. Magonjwa matatu, na yote yanaitwa rezo. Mgonjwa akifika kwa daktari na kusema "naumwa" tu, asionyeshe hata mahali, tiba itachelewa hata daktari awe hodari namna gani.

Siku ya 2

Tumevua mifuniko yote nane, uani. Ni Agosti, na vumbi jekundu la Lubumbashi limejaa ndani kama unga kwenye kinu. Kabla ya kugusa chochote, waya wa umeme umechomolewa na kila mmoja ameshika kwanza chuma cha kasha. Kiangazi hewa yetu ni kavu, ukivua sweta usiku unasikia inatoa cheche. Cheche ndogo kuliko hizo, ambayo kidole hakiisikii kabisa, inatosha kuua chipu.

Feni tulizizuia kwa kidole wakati wa kupuliza vumbi. Upepo mkali ukiizungusha feni kupita mwendo wake, beringi zinaharibika. Vijana walishangaa kuona chini ya vumbi kuna vyuma vyembamba vilivyopangwa kama kurasa. Hicho ni kipoza joto. Chini yake kuna kichakataji, ndicho kinachopiga hesabu zote, na katikati ya viwili hivyo kuna dawa nyeupe ya kupitisha joto. Kwenye kompyuta tano ilikuwa imekauka na kupasuka kama matope ya mtoni. Tumeifuta na kupaka mpya, tone dogo tu, ukubwa wa punje ya mchele.

Kisha majina. Kasha lenyewe wote waliliita "inite santrali". Msichana mmoja wa darasa la 6 akauliza kama humo ndimo zinamotoka inite za simu. Wenzake walicheka, nikawanyamazisha, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki: hapa kwetu inite ni zile unazoweka kwenye simu ili uongee. Ameona neno moja mahali pawili, akatafuta uhusiano. Ndivyo akili inavyopaswa kufanya, kosa ni la neno. Tangu leo tunasema kasha. Hali ni hiyo hiyo kwa "alimentasio", ambayo nje imeandikwa kwenye kila duka la mkate na sukari, na ndani ya kasha ni kile kisanduku kinachochukua volti 220 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3. Hilo tumeliacha, maana kulisha ndiyo kazi yake kweli, huko na huku.

Siku ya 5

Kompyuta ya nane haitafufuka. Ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote vya ndani, umeungua pembeni ya soketi ya kichakataji. Tumeamua ibaki wazi mezani kama kifaa cha kufundishia, na viungo vyake vyema viende kwa wenzake. Sasa tunahesabu saba.

Leo tumeshughulika na neno la pili linalotuchelewesha: memwari. Kijana anaona kompyuta nzito, anasema memwari imejaa, anaanza kufuta picha. Kwenye mashine ya 2 tulitazama pamoja. Diski ni ya gigabaiti 160 na zaidi ya nusu ni tupu. Kilichobanwa ni RAM, gigabaiti 2 tu. Ukifuta picha zote za ukoo wako, RAM haitaongezeka hata kidogo.

Niliwapeleka kwa maneno hadi soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Mama anayeuza unga ana meza na ana depo. Depo inaingia magunia mengi, lakini mteja hauziwi kutoka depo, anauziwa kutoka mezani. Meza ikiwa ndogo, mama anashinda njiani kwenda na kurudi depo, na wateja wanapanga mstari hata kama depo ina nafasi. RAM ni meza. Diski ni depo. Jioni meza inasafishwa, vilivyo depo vinalala salama. Kijana mmoja akamalizia mwenyewe: "Njo maana kurant ikikatika kazi yenye haukuhifadhi inapotea." Ndiyo hiyo. RAM hushika kitu pale tu umeme unapopita ndani yake.

Tumekubaliana: RAM ni kumbukumbu ya kazi, diski ni ghala. Neno "memwari" peke yake limefutwa ukutani.

Tulichomoa vipande vya RAM kutoka mashine ya 8 tukaviweka kwenye ya 2 na ya 5. Kipande kimoja kilikataa kuingia na kijana akaanza kukisukuma kwa dole gumba. Nilimshika mkono. Kilikuwa RAM ya aina ya DDR2 na ubao unataka aina ya DDR3. Vyote viwili vina miguu 240 na urefu ule ule, ila mkato mdogo wa chini uko mahali tofauti. Umewekwa hivyo makusudi, kwa sababu DDR2 inakula volti 1.8 na DDR3 volti 1.5. Kitu kikikataa kuingia, mara nyingi kinakulinda.

Siku ya 9

Siku mbaya, nami naiandika yote.

Tulinunua kebo ya mtandao mita 80 kwenye duka moja mjini, bei nzuri, maandishi ubavuni yanasema Cat5e, daraja la kebo za mtandao. Niliifurahia. Tukiwa tunaivuta uani akaja Papa wa parseli (kiwanja) ya jirani, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kuyeyusha shaba. Aliinyanyua, akaipima mkononi, akaomba kisu. Akamenya uzi mmoja, akakwangua taratibu. Juu ni wekundu wa shaba. Chini yake, weupe.

"Ile haina mukuba," akasema.

Kwa Kiswahili chetu cha huku maana yake ni "hiyo si shaba". Mtu wa pwani angesikia "haina shaba ndani yake". Safari hii sentensi ilikuwa kweli kwa namna zote mbili, au karibu sana. Ni alumini iliyovishwa ngozi ya shaba.

Sikuamini kwa macho tu, nikachukua maltimita, kipimo cha umeme. Nilisokota nyuzi mbili za jozi moja upande wa mbali na kupima upande wa huku, yaani umeme uende mita 80 na urudi mita 80. Uzi wa shaba wa unene huu una ukinzani wa takriban omu 8.4 kwa kila mita 100, kwa hiyo tungetegemea kama omu 13 na nusu. Kipimo kilisema 21. Alumini inakinza umeme zaidi ya shaba, karibu mara moja na nusu.

Mwenzangu aliuliza kama kwa chumba kidogo haiwezi kufanya kazi. Inaweza, pengine miezi kadhaa. Lakini uzi wa alumini ukikunjwa mara chache unakatika ndani ya ganda bila kuonekana, na viwango vya kebo za mtandao vinataka shaba. Na kuna jambo jingine lililoniuma zaidi ya pesa. Mji huu shaba imeyeyushwa tangu 1911. Mkoa wetu ulibeba jina la Shaba kuanzia miaka ya 1970 hadi 1997. Bomba la moshi na mlima mweusi wa masalia vinaonekana ukiwa mbali na mji. Mtoto wa Lubumbashi kuuziwa rangi ya shaba, hapana, sikuweza kufundishia kebo hiyo. Tumebaki na vipande vya kuonyesha.

Fedha ya kebo mpya imechangwa. Mita 80 nyingine, duka jingine, safari hii na kisu na maltimita mfukoni. Omu 13.7. Papa akakwangua tena. Nyekundu mpaka ndani.

Siku ya 12

Tumebana vichwa vya kebo kutwa nzima. Ndani ya kebo kuna nyuzi nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa. Kusokotwa huko si kwa ajili ya kupanga vizuri. Nyuzi mbili za jozi hubeba ishara zilizo kinyume, na zikisokotana, kelele ya umeme kutoka nje inazipata zote kwa usawa na kujifuta upande wa kupokea. Ukizisokotoa zaidi ya sentimita moja na kidogo karibu na kichwa, unaivua kebo kinga yake.

Mpangilio tuliouchagua ni ule unaoitwa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Vijana wanauimba wakibana. Kompyuta sita za chumbani zimeunganishwa. Ya saba iko birô, yaani ofisini, ng'ambo ya ua, mita 34.

Siku ya 13

Ya birô inasumbua. Kipima kebo kinawasha taa zote nane kwa mpangilio, 1 hadi 8. Taa ya swichi inawaka. Lakini nilipotuma faili la megabaiti 700 kutoka chumbani, lilichukua zaidi ya dakika kumi na kukatika mara mbili. Kati ya mashine mbili za chumbani faili hilo hilo lilipita kwa dakika moja na sekunde chache.

Hapo tulisimama kwanza na neno mega, maana kila mtu alikuwa na hesabu yake. Hapa mega ni kitu unachonunua kwa simu. Sasa kuna mega za kasi, mega za ukubwa wa faili, na mega za kununua. Swichi yetu ina kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1. Kwa hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, na faili la 700 linahitaji angalau sekunde 56. Kijana aliyekuwa anasema "swichi ya mega 100 ipitishe 700 kwa sekunde saba" alirudia hesabu mara tatu kwenye karatasi mpaka akaridhika. Kuanzia hapo lazima useme biti au baiti. Na faili lililopita kutoka mashine hadi mashine humu ndani halikula hata mega moja ya laini ya simu. Hilo liliwashangaza zaidi ya kasi yenyewe.

Kisha kebo. Nilimwomba aliyebana anionyeshe vichwa, na alikuwa amefanya kazi safi kuliko wote: chungwa na jozi yake, kijani na jozi yake, buluu na jozi yake, kahawia na jozi yake, kwa kufuatana, sawasawa pande zote mbili. Ndiyo maana taa zote nane ziliwaka. Kila uzi unafika mahali pake. Lakini kwa kasi ya megabiti 100 mashine hutumia miguu ya 1 na 2, kisha ya 3 na 6. Kwa mpangilio wake, mguu wa 3 umo kwenye jozi ya kijani na wa 6 kwenye ya buluu. Ishara zinazopaswa kutembea pamoja zimesokotwa na wageni. Kwenye kebo fupi pengine tusingejua. Kwenye mita 34 kelele imeshinda.

Ndiyo sababu T568B inaruka, kijani kikiikumbatia buluu katikati. Niliwaza kueleza hili jana nikaona linachosha. Lilipaswa kuelezwa. Tumekata vichwa viwili, tumebana upya, faili limepita kwa dakika moja na kidogo.

Siku ya 16

"Mwalimu, masini ya 3 haina rezo."

Ina. Ilifungua tovuti moja au mbili za zamani, lakini zote zenye alama ya kufuli ilizikataa kwa onyo jekundu. Tulitazama saa pembeni ya skrini: Januari 2009. Tovuti yenye kufuli huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta inayoamini iko 2009, vyeti vyote vya leo havijazaliwa. Dawa ilikuwa betri ya saa kwenye ubao mama, ile ya duara, CR2032. Jina lake ni vipimo vyake: kipenyo milimita 20, unene 3.2. Imebadilishwa, saa imerekebishwa, tovuti zimefunguka.

Siku ya 17 hadi 19

Umeme haukuwepo. Tumepaka rangi madirisha.

Siku ya 20

Asubuhi kompyuta tatu zinaona ruta, nne hazioni. Kijana mmoja kwa moyo mwema alileta ruta ya zamani kutoka kwao ili waifai ifike uani, akaichomeka kwenye swichi. Sasa ruta mbili zinagawa anwani, yaani namba za kuzitambulisha kompyuta mtandaoni. Moja inatoa 192.168.1 na kitu, nyingine 192.168.0 na kitu, na kompyuta inachukua ya yule aliyejibu kwanza.

Hili halikuhitaji maelezo marefu. Kila mtu Lubumbashi anajua kesi ya parseli moja iliyotolewa karatasi na watu wawili. Mgawaji wa anwani awe mmoja. Ruta ya kijana tumeizima ugawaji wake na kuipa anwani yake ya kudumu, sasa inafanya kazi ya waifai tu. Amefurahi kwamba haikutupwa, nami pia.

Wakauliza: kama ruta yetu ni 192.168.1.1 na ya cyber ya kule barabarani pia ni 192.168.1.1, hazigongani? Hazigongani. Namba hizo zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani tu, kama vile parseli namba 12 ilivyopo Katuba na Kamalondo na hakuna anayepotea, mradi uko ndani ya avenyu yako. Na zaidi ya anwani hiyo ya kupanga, kila kadi ya mtandao ina namba yake ya kuzaliwa nayo kiwandani, namba ya MAC, biti 48. Swichi inafanya kazi kwa namba hiyo ya kuzaliwa. Ruta inaangalia anwani ya kupanga. Nilipouliza tofauti ya swichi na ruta, yule msichana wa darasa la 6 alisema: "Swichi inajua watu wa parseli. Ruta inajua njia ya kutoka." Nimeandika maneno yake ukutani kama yalivyo.

Siku ya 24

Leo tumelizika neno "rezo haiko".

Tumechora ngazi ukutani kwa rangi ya buluu, vidato vinne. Chombo ni ping, programu ndogo iliyoandikwa na Mike Muuss wa Marekani mwaka 1983, ikapewa jina la mlio wa sona ya nyambizi: unapiga mlio, unasikiliza kama unarudi. Kidato cha kwanza, 127.0.0.1, mashine inajiita yenyewe. Cha pili, 192.168.1.1, inaiita ruta. Cha tatu, 8.8.8.8, namba ya Google, inaita nje ya nyumba, nje ya nchi. Cha nne, inaita kwa jina badala ya namba, na hapo tunajua kama DNS, daftari la majina, linajibu. Unapanda mpaka kidato kinachokataa, na unasema hicho.

Nilizunguka kuharibu vitu kwa siri. Nilichomoa kebo, nikatoa laini ya simu, nikaandika DNS ya uongo. Vikundi vitatu kati ya vinne vilipata ugonjwa kabla ya dakika tano. Cha nne kilisahau kutazama taa ya swichi.

Siku ya 33

Mvua ya kwanza usiku, na radi. Kanuni ya kuchomoa kila kitu ukutani ilifuatwa.

Kabla sijafika nilikuwa nimepigiwa simu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msichana yule, anayeniita Yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, rezo..." Akanyamaza kidogo. "Hapana. Masini ya 4 inajijibu. Ruta haiijibu. Kwenye swichi, taa ya tundu la 4 imezimika, zingine zote zinawaka."

Nikamwambia ajaribu kebo ya akiba iliyo kabatini.

"Nilishaiweka, inafanya kazi. Nilikupigia uandike tu kwenye shajara: panya alikula kable, nyuma ya kabati, nyuzi tatu."

Nimeandika. Kesho nanunua bomba la plastiki la kupitishia kebo.